Deni kwanza, nyongeza baadaye: namna ya kukokotoa saa zako na kudai malipo yake

Malalamiko mengi ya mshahara mdogo hufia mezani kwa sababu mambo mawili yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna pesa ulizokwisha kuzifanyia kazi na hukulipwa: dakika za kufungua na kufunga, ovataimu, makato yasiyo na maelezo. Hilo ni deni. Kuna pesa unazotaka ulipwe kuanzia mwezi ujao kwa kuwa kazi yako ina thamani kubwa kuliko bei yake ya sasa. Hilo ni ombi la nyongeza. Deni huthibitishwa, nyongeza hujadiliwa. Ukiyaleta kwa pamoja utapewa nyongeza kiduchu, utashukuru, na deni litakuwa limezikwa humo humo.

Kwa hiyo anza na deni. Na deni huanza na daftari.

Daftari la wiki nne

Tafuta daftari dogo lililoshonwa, lile ambalo ukichana ukurasa linaonekana. Gawa kila ukurasa kwa safu hizi: tarehe, saa uliyofika, saa uliyoshika kazi, mapumziko yalipoanza na kwisha, saa uliyomaliza, saa uliyoruhusiwa kutoka, na maneno mawili matatu ya sababu, kama vile "kuhesabu droo ya pesa" au "kusubiri mzigo". Jaza siku ile ile kabla hujalala. Daftari la mwezi mzima lililojazwa kwa kikao kimoja halijifichi: wino mmoja, mwandiko mmoja, na eti kila siku ulitoka saa kamili. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uandike sahihi pembeni. Lilale nyumbani, lisikae kwenye kabati la kazini, kwani siku ya ugomvi unaweza kuzuiwa mlangoni na ushahidi wako ukabaki ndani. Piga picha ratiba ya zamu kila inapobandikwa, maana ratiba hubadilishwa na ile ya zamani haionekani tena.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee. Wewe unaandika umetoka saa 1 jioni, mashine ya mahudhurio inasema 19:00, na anayelinganisha karatasi mbili anaona vitu viwili tofauti. Tumia mfumo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na afadhali uwe ule wa mashine. Zamu ya usiku ya 22:00 hadi 06:00 iandikiwe tarehe zote mbili. Zamu ya namna hiyo ikiangukia mwisho wa mwezi, nusu yake ya pili ni rahisi kupotea kati ya malipo ya mwezi huu na ya ule unaofuata.

Chunguza pia mashine inavyokadiria dakika. Mahali pengine hukadiria kwa robo saa. Kukadiria kwa haki huenda juu na chini. Kama ukifika 07:53 unaandikiwa 08:00, na ukitoka 17:12 unaandikiwa 17:00, umepoteza dakika 19 kwa siku moja, na kila siku zinakatika upande wako tu.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa mshahara wa 156,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile, na mkataba wa saa 48 kwa wiki. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuzidisha wiki kwa nne. Mwaka una wiki 52, hivyo mwezi una wiki 4.33, na saa 48 za wiki ni saa 208 za mwezi. Gawa 156,000 kwa 208, unapata 750 kwa saa. Aliyezidisha kwa nne amepata saa 192 na 812 kwa saa, kiwango ambacho hajawahi kulipwa, na mwajiri akimsahihisha hapo tu, hesabu yake yote iliyobaki haitaaminiwa.

Sasa fungua daftari. Tuseme unafika dakika 20 kabla ya zamu kwa amri, uvae sare na uhesabu droo, na unabaki dakika 30 kufunga. Dakika 50 mara siku 26 ni saa 21 na dakika 40. Ongeza siku 10 ambazo nusu saa ya chakula iliishia kuhudumia wateja: saa 5. Jumla ya saa zisizolipwa ni 26 na dakika 40, na saa halisi za mwezi ni 234 na dakika 40. Umekatwa 3,000 za sare na 2,500 za upungufu wa droo, umebaki na 150,500. Gawanya: 641 kwa saa. Uliajiriwa kwa 750, unafanyia kazi 641.

Dakika zigeuzwe kuwa desimali kabla ya kuzidisha. Saa 7 na dakika 50 ni 7.83, si 7.50. Hapa ndipo kikokotoo cha simu kinapowapoteza hata wenye hesabu nzuri.

Nauli na muda wa njiani piga hesabu yake pembeni. Kwa kawaida safari ya kwenda kazini haihesabiwi kuwa muda wa kazi, kwa hiyo usiitie kwenye dai. Itie kwenye uamuzi wako binafsi: nauli ya 400 kwa siku inashusha ile 641 hadi 597, na kazi ya jirani inayolipa kidogo pungufu inaweza kukuachia zaidi mfukoni.

Anayelipwa kwa kipande hana saa za mkataba, lakini saa anazo. Kipande kimoja 18, vipande 40 kwa saa, inasomeka 720. Katika siku ya saa 9 ukisubiri malighafi saa moja na nusu, umetengeneza 300 tu. Vipande 15 vikikataliwa unalipwa 285, yaani 5,130, na saa yako imeshuka hadi 570. Safu mbili za kuongeza kwenye daftari lako ni muda wa kusubiri na vilivyokataliwa pamoja na sababu iliyotolewa. Kusubiri malighafi ni kasoro ya anayepanga kazi, lakini malipo ya kipande humtupia mfanyakazi gharama yake.

Lipi ni deni kisheria

Sheria ya nchi yako ndiyo itakayoamua, na nakala yake hupatikana ofisi ya kazi au kwa chama cha wafanyakazi. Ila misingi imeandikwa kimataifa na ni vizuri kuijua. Mkataba namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka viwandani saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na ovataimu isiyopungua mara 1.25 ya kiwango cha kawaida. Nchi nyingi huenda hadi mara 1.5. Mkataba namba 95 wa 1949 unataka mshahara ulipwe kwa pesa halali na kwa wakati maalumu, unakataza kulipa kwa vocha au kuponi, unaruhusu makato yale tu yanayokubaliwa na sheria au makubaliano ya pamoja, na unakataza kabisa makato ya kumlipa mwajiri au wakala ili upate kazi au ubaki nayo. Swali ni kama nchi yako imeuridhia. Kama imeuridhia, sheria yake huwa inafuata lugha hiyo hiyo.

Dai la mfano wetu, basi, ni saa 26 na dakika 40, mara 750, mara 1.25: 25,000. Juu yake weka 5,500 za makato ikiwa hukuyakubali kwa maandishi na sheria haiyaruhusu. Karatasi moja, mistari minne, jumla 30,500 kwa mwezi. Usiandike neno "unyonyaji" popote. Tarakimu peke yake inakera vya kutosha.

Peleka karatasi hiyo kwa mhasibu au ofisi ya utumishi kabla ya bosi mwenyewe, kwa sauti ya kuulizia kosa la hesabu: "Naomba unisaidie kulinganisha saa zangu na slipu ya mshahara, naona hazifanani." Wengi hulipa katika hatua hii, kwa kuwa bado hakuna aliyeaibishwa. Ukiletewa fomu inayosema "nimelipwa haki zangu zote" na pesa hazijatimia, andika juu ya saini yako "nimepokea kiasi hiki kama sehemu ya malipo" na utie tarehe. Kimya kikizidi wiki mbili, andika barua na ubaki na nakala, kisha nenda kwa mkaguzi wa kazi. Mkataba namba 81 wa 1947 unamtaka mkaguzi afiche kabisa jina la aliyelalamika, kwa hiyo mkumbushe hilo mnapoanza mazungumzo. Usikae na malimbikizo ukingoja siku ya kuacha kazi: madai ya mshahara yana ukomo wa muda, na mara nyingi ni mfupi.

Kiasi gani ni haki

Deni likishakaa sawa, ndipo nyongeza. Na hapa ndipo kwenye ubishi wa zamani. New Zealand ilitunga sheria ya usuluhishi wa mishahara mwaka 1894. Mwaka 1907 nchini Australia, Jaji H. B. Higgins aliamua kwamba mfanyakazi asiye na ujuzi alipwe shilingi 7 kwa siku, akikadiria mahitaji ya mume, mke na watoto watatu. Mwanamke anayelisha familia hakumo kwenye kipimo hicho, lakini wazo la kuanzia kwenye gharama za maisha limebaki.

Kwa hesabu ya siku hizi: jumlisha chakula, pango na mahitaji mengine ya kawaida ya familia, ongeza asilimia 5 ya dharura, gawa kwa idadi ya wanaoleta kipato. Familia haina mfanyakazi mmoja tu wala mara zote wawili, hivyo hesabu hutumia namba kati ya 1 na 2. Gharama 240,000 zikiongezwa dharura ni 252,000. Ukigawa kwa 1.5 unapata 168,000. Mshahara wetu wa 156,000 umepungukiwa 12,000, karibu asilimia 8. Sasa una namba ya kuomba yenye maelezo yake.

Utaambiwa mishahara ikipanda ajira zinakufa. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania halikupandisha. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka ya pande zote mbili, na utafiti wao wa 1994 haukuona ajira kupungua New Jersey. Wachumi wengine waliupinga, na ubishi bado unaendelea. Utafiti huo hausemi kwamba nyongeza ya kiasi chochote haina madhara. Usiupeleke kwa meneja, kwani meneja hasimamii uchumi wa nchi. Kinachomgusa ni nafasi iliyobaki wazi na mtu mpya anayeharibu kazi wiki tatu za kwanza. Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani, alipotangaza dola 5 kwa siku mwaka 1914, kiwandani kwake wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi kwa wingi kiasi kwamba kwa mwaka mmoja aliajiri mara kadhaa ya idadi aliyoihitaji. Na zile dola 5 zilikuwa na masharti, hadi wakaguzi wa kampuni kuingia nyumbani kwa mtu kutazama anavyoishi.

Bidii iko wapi katika haya yote? Bidii ni ubora wa kazi ndani ya saa zinazolipwa: hesabu isiyopungua, mashine iliyosafishwa, kufika kwa wakati. Saa za bure ni punguzo la bei tu, na ukilitoa mwaka mzima hugeuka kuwa bei yako. Mgomo baridi nao hausaidii. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini mwisho wa safari mchukuzi ndiye anayeulizwa kilichomwagika, na rekodi yako safi ndiyo hoja pekee uliyonayo.

Kuomba, na yanayofuata

Omba dakika kumi siku moja kabla: "Bosi, kesho kabla ya zamu naomba tuzungumze kuhusu mshahara wangu." Usimvizie siku ya malipo. Nenda baada ya msimu mgumu kumalizika salama na kabla bajeti haijafungwa. Taja namba yako mara moja, 168,000, kisha mambo matatu yanayoonekana kwenye rekodi, kama vile miezi bila upungufu wa droo, watu uliowafundisha na kazi ya ziada uliyobeba. Halafu hesabu yake: nyongeza ya mwaka mzima ni 144,000, haifiki mshahara wa mwezi mmoja wa mtu anayejifunza nafasi yako. Nyamaza hapo. Wengi hushusha dai lao wenyewe kwa kuogopa ukimya. Wenzako wa kazi moja wakiwa na namba zinazofanana, nendeni watatu au wanne. Mmoja huitwa mkorofi haraka sana.

Ukikubaliwa, soma slipu ya kwanza kwa makini. Nyongeza ikiwekwa kama posho badala ya kuingia kwenye mshahara wa msingi, mara nyingi haihesabiwi katika ovataimu wala akiba ya uzeeni. Saa nazo huweza kupunguzwa kimyakimya: ukipandishwa hadi 800 kwa saa lakini ukapewa saa 190, mwezi unaleta 152,000, pungufu ya ulipotoka. Hiyo si hasara ikiwa zile saa 18 una kazi ya kuzijaza. Kama huna, rudi mezani. Ukiambiwa "tutaangalia baada ya miezi mitatu", tuma ujumbe jioni hiyo hiyo ukishukuru na kutaja tarehe na kiasi, ili ahadi iwe na maandishi. Na daftari liendelee hata baada ya kuacha kazi kwa maana ya kulihifadhi, kwani siku za likizo ambazo hukuchukua kwa kawaida hudaiwa kwenye malipo ya mwisho, na mara nyingi wewe ndiye pekee mwenye hesabu yake.