Bastola ikigoma: fanya mazoezi ya kuinasua bila kumuumiza mtu

Wakuu, huku Arusha kiangazi kikishika, bastola ya mlinzi anayekaa getini kutwa inakula vumbi balaa, halafu mtu anaimwagia mafuta mengi akidhani anaisaidia, kumbe vumbi na mafuta vinageuka tope mle ndani na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele) inaanza kusuasua. Itagoma tu siku moja. Naongea na wenye leseni na silaha halali, kama hujafundishwa kabisa tafuta mkufunzi kwanza.

Kwanza chumba cha mazoezi na bastola yenyewe. Toa magazini (kikasha cha risasi), ndo uvute slaidi, uangalie chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Usigeuze mpangilio, ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani unatoa risasi moja inaingia nyingine. Risasi za moto zote zitoke humo chumbani, sio uzisogeze pembeni ya meza, zitoke, zifungiwe kwingine. Mtutu uangalie ukuta imara usio na watu nyuma, sio zile mbao za chumba cha mpangaji.

Pili, tafuta risasi bandia za mazoezi, zile za plastiki au alumini zenye rangi, saizi ya bastola yako. Kama yako ni 9mm chukua za 9mm.

Sasa kazi. Jaza bandia, koki, bonyeza triga, isikike kliki, kama risasi iliyokataa kulipuka. Hapo hapo kidole kitoke kwenye triga, gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi kwa nguvu mpaka mwisho na uiachie, usiisindikize. Ukiwa kwenye uwanja wa shabaha na risasi za moto kliki ikitokea usikimbilie kuvuta, subiri sekunde 30 mtutu ukielekea shabaha, kuna risasi zinalipuka kwa kuchelewa.

Ganda la risasi kukwama limesimama kwenye tundu la kutolea maganda ni hivyo hivyo, gonga, vuta. Mara nyingi chanzo ni kifundo cha mkono kulegea, kwa hiyo rekebisha na mshiko.

Inayosumbua watu kweli ni risasi mbili kugombania chemba. Kuisababisha makusudi kwa mazoezi, funga slaidi nyuma, tumbukiza bandia moja kwenye chemba, weka magazini yenye bandia, achia slaidi taratibu. Kuinasua: funga slaidi nyuma tena, ng'oa magazini (itakataa, ivute kwa nguvu), vuta slaidi mara tatu chemba iwe tupu, weka magazini nyingine, koki. Fanya polepole kabisa, maana mtu akianza kuhangaika na magazini ndo mtutu unapogeukia tumbo lake au jirani, na kidole kinarudi kwenye triga bila yeye kujua. Mie namweka mwenzake asiangalie kingine, aangalie mtutu na kidole tu.

Kuna moja huinasui. Risasi ikitoa mlio dhaifu, "pu", na mkono haujasukumwa, acha. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama kwenye mtutu na ukifyatua nyingine mtutu unapasuka. Hapa zoezi ni mwenzako aseme "pu" katikati ya drili na wewe usimame papo hapo, usigonge wala kuvuta.

Ukimaliza hesabu bandia zote, zifungie, ndo risasi za moto zirudi. Zikisharudi hakuna "ngoja nirudie kamoja tu", hiyo subiri kesho.