Somo: Kujitolea kufundisha watoto upinde kwenye klabu ya 4-H

Wazazi wengi wa kwetu huku Marekani tunawapeleka watoto 4-H (mpango wa vijana wa kujifunza kwa vitendo) kisha tunakaa garini na simu mpaka kipindi kiishe. Ila klabu ya upinde haifungui mstari wa kupigia bila watu wazima wenye cheti, hata watoto wakijaa uwanja. Ukitaka kuingia, fuata njia hii.

Hatua ya 1: Ofisi ya kaunti. 4-H inaendeshwa na vyuo vikuu vya majimbo kupitia ofisi za ugani, zile zile zinazoshughulikia kilimo. Utajaza fomu, rekodi yako itachunguzwa, na utapewa mafunzo ya ulinzi wa watoto. Usinune; hata wewe usingependa mtu akae na mwanao bila kuchunguzwa.

Hatua ya 2: Kozi. Cheti ni cha mchezo husika: cha upinde hakikuruhusu kufundisha bunduki. Umri na ada hutegemea jimbo.

Hatua ya 3: Filimbi. Hapa ndipo kazi ilipo. Mara mbili: wapigaji waje mstarini. Mara moja: pigeni. Mara tatu: nendeni mkachomoe mishale. Mara tano au zaidi: hatari, acheni. Hapo mtoto aliyekwisha kuvuta hapigi "huu wa mwisho tu". Anaulegeza uzi polepole na mshale unarudi kwenye podo.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza. Pima jicho kabla ya kugawa pinde. Mtoto anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize kitundu, akitazame kitu cha mbali kwa macho yote mawili. Kisha afumbe jicho moja. Kitu kikibaki kitunduni, jicho lililo wazi ndilo kuu. Likiwa la kulia, upinde mkono wa kushoto, avute kwa kulia. Anza karibu, shabaha kubwa, upinde mwepesi. Mshale una manyoya matatu. Lenye rangi tofauti kwa kawaida litazame nje, mbali na upinde.

Kuchomoa mishale nako kunaweza kuumiza. Hakikisha hakuna mtu nyuma ya anayechomoa, maana mkia wa mshale unarudi kwa nguvu usawa wa macho. Kiganja kimoja kibonyeze shabaha, kingine kishike mshale karibu na ilipozama ncha, avute moja kwa moja. Na hakuna kukimbia.

Upinde wako mwenyewe uache nyumbani. Ukipiga, hakuna anayewaangalia watoto.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Sijawahi kushika upinde, nitaweza?*
Marahaba. Utaweza, kozi inaanzia sifuri. Jicho kali na sauti vinatosha kuanzia.

*Kaka, Kiingereza changu cha kuungaunga.*
Amri ni chache na filimbi haina lafudhi, dada. Lakini neno la kusimamisha lijue kama jina lako.

*Binti yangu anavaa hijabu na mikono mipana.*
Hijabu aichomeke ndani ya blauzi isiguse uzi. Mkono wa nguo aukunje au aubane kwa kinga ya mkono. Hereni na mikufu avue.

*Mwanangu anavuta upinde mtupu sebuleni kujizoeza. Ni sawa?*
Kuvuta na kuachia bila mshale, hapana: nguvu yote inarudi kwenye upinde na unaweza kupasuka. Mpe utepe wa mpira wa mazoezi, upinde ukae kabatini.