Silanga yako iko daraja gani?

Usiku wa Mei 9, 2018, katikati ya mvua ndefu, tuta la bwawa la shamba la kibinafsi kule Solai, kaunti ya Nakuru, lilikatika. Zaidi ya watu 40 walikufa. Lilikuwa bwawa la udongo, yaani silanga, na waliokufa waliishi chini yake.

Kanuni za maji za Kenya za 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. Lisilofika kina cha mita 5 wala mita za ujazo 100,000 ni daraja A, la hatari ndogo. Lenye kina cha mita 5 hadi karibu 15, au maji ya mita za ujazo 100,000 hadi milioni moja, ni B. La kupita hapo ni C.

Ujazo unaweza kuukadiria mwenyewe. Zidisha urefu wa tuta, umbali ambao maji yanarudi nyuma, na kina kikubwa zaidi, kisha gawanya kwa sita. Tuta la mita 100, maji yakirudi nyuma mita 300 na kina kikiwa mita 4, ni mita za ujazo 20,000. Hiyo ni A, tena ya chini kabisa, lakini ni tani 20,000 za maji. Afrika Kusini hawaishii kwenye ukubwa: wanaangalia pia watu na mali zilizoko upande wa chini. Kwangu mimi huo ndio mtazamo wa haki. Kwa hiyo ukishapiga hesabu, teremka na mkondo kwa miguu uone nyumba, shule, barabara. Kukiwa na watu wanaolala huko, ihudumie silanga yako kama ya daraja la juu, hata karatasi ikisema A. Na kama bado hujachimba, pita kwanza ofisi ya WRA, mamlaka ya serikali inayosimamia rasilimali za maji, na umtafute mhandisi.

Mabwawa ya udongo hufa zaidi kwa maji kupita juu ya tuta. Njia ya maji ya ziada ichimbwe pembeni, kwenye ardhi ngumu ambayo haijaguswa, na pale maji yanapoanza kumwagikia pawe chini ya kichwa cha tuta kwa walau mita moja. Wapo wanaoiziba kwa magunia ya mchanga ili wavune maji zaidi kabla ya kiangazi. Huko ni kuliondolea bwawa kinga yake ya pekee.

Uvujaji nao una lugha yake. Kinga maji yanayotoka chini ya tuta kwa chupa inayoonyesha, uiache itulie. Yakiwa maangavu, weka alama mahali hapo na uendelee kupima kila wiki. Udongo ukituama chini ya chupa, jua tuta linaliwa kwa ndani.

Usipande miti kwenye tuta. Mizizi ikioza huacha mifereji. Panda nyasi. Mashimo ya fuko na vichuguu vichimbuliwe na kushindiliwa upya, na ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya uzio.

Maji yakianza kutoka na tope, kwanza wahamishe walio chini, usiku huohuo, halafu ita chifu na WRA. Punguza maji kwa pampu au mpira wa kunyonya. Usithubutu kukata tuta kwa jembe ili kuyapunguza, kwa maana mkato huo hautarudi kuzibika.