Mambo ya kuzingatia kabla ya kumpakia mbwa nyuma ya gari

Sehemu ya nyuma ya gari la familia ilibuniwa ibebe mizigo. Sanduku halipumui, halichefukwi na kona, wala halichomoki kukimbilia barabarani mlango unapofunguliwa. Mbwa hufanya yote hayo. Ndiyo maana maandalizi mengi ya kumsafirisha ni kuziba mapengo ambayo waliotengeneza gari hawakuwa na sababu ya kuyawaza, na mengi kati yake huzibwa gari likiwa bado limesimama. Ukishashika barabara, kilichobaki mikononi mwako ni kuendesha kwa utulivu tu.

Anza na gari lenyewe. Nazungumzia magari ambayo buti lake limeungana na sehemu ya abiria, yaani stesheni wagoni na yale yenye mlango mmoja mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Kama lako ni saluni yenye buti lililotengwa, mbwa haingii butini hata kwa mwendo wa dakika tano: hewa ni kidogo, joto hupanda upesi, moshi wa ekzosi unaweza kupenya, na hutajua lolote linalompata huko. Huyo akae kiti cha nyuma, amevaa mkanda wa kifuani uliofungwa kwenye mkanda wa gari. Kiti cha mbele hakimfai. Mfuko wa hewa (eabegi) unaofumuka gari likigonga umepangwa kumkinga mtu mzima aliyekaa wima, na ukifumuka mbele ya mbwa unaweza kumjeruhi vibaya kuliko ajali yenyewe.

Sasa hesabu kidogo. Chukua mbwa wa kilo 20 ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kisha gari ligonge kitu na kusimama ndani ya nusu mita. Nguvu inayohitajika kumzuia mbwa huyo asiendelee kwenda mbele ni takriban mara 20 ya uzito wake, sawa na kubeba kilo 400 kwa kufumba na kufumbua. Hakuna kamba ya kawaida ya kutembezea mbwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hawezi kumkamata. Na asipofungwa, huyo mbwa hapai peke yake; anamfuata yeyote aliye mbele yake.

Wengine hutegemea viegemeo vya viti vya nyuma vifanye kazi ya ukuta. Havikujengwa hivyo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa inayohusu viti vya magari hupima uimara wa viegemeo hivyo kwa vitu viwili vilivyowekwa butini, kila kimoja kilo 18. Mbwa mkubwa peke yake hupita kilo 30 bila shida. Kwa hiyo kabla ya kingine chochote, hakikisha viegemeo vimesimama na vimejifunga kabisa kwenye vishikizo vyake. Visukume kwa kiganja. Kisicholia mlio wa kujifunga, hakijajifunga.

Kama nafasi inatosha, mimi ningechagua kizimba kuliko njia nyingine yoyote. Kiwe na ukubwa wa kumwezesha mbwa kusimama, kugeuka na kujilaza, basi. Kizimba kikubwa mno kinavutia machoni, lakini breki zikishikwa ghafla mbwa anapata nafasi ndefu ya kurushwa kabla ya kukutana na chuma. Kisukume mpaka kiguse viegemeo vya viti, kwa sababu mbili: kikiwa pale hakina nafasi ya kujikusanyia mwendo, na kinakuwa mbali kidogo na ncha ya nyuma ya gari, ambayo imetengenezwa makusudi ijikunje gari likigongwa kwa nyuma. Kisha kifunge. Magari mengi ya aina hii yana pete za chuma kwenye sakafu ya buti, wakati mwingine zimefichwa chini ya zulia. Tumia mikanda ya kukazia mizigo kwenye pete hizo, si kamba za mpira, maana mpira huvutika pale pale unapouhitaji ushike.

Angalia pia mlango wa kizimba unafungukia wapi. Gari likigongwa kwa nyuma, mlango mkubwa wa gari hubonyea na kugoma kufunguka, na kizimba chenye mlango upande huo tu kinageuka jela. Vizuri ni vile vyenye mlango wa pili unaofungukia upande wa viti, ili mbwa atolewe kwa kupitia ndani. Vile vizimba vya waya vinavyokunjwa, ambavyo ni vyepesi na watu wengi wanavyo nyumbani, ni vya kulalia sebuleni. Kwenye mgongano waya huchomoka na kuwa ncha. Neno "imejaribiwa" lililochapishwa kwenye boksi nalo lisikulevye. Uliza imejaribiwa na nani na kwa mwendo gani. Nchini Marekani lipo shirika la Center for Pet Safety linalofanya majaribio ya kugongesha vizimba na mikanda ya mbwa na kutangaza vilivyofaulu, na orodha yake ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kutoa fedha.

Kizimba kisipoenea, kuna wavu wa chuma unaotenganisha buti na viti. Huo humzuia mbwa asirukie abiria, na kwa usalama wa watu unatosha kiasi, mradi umekazwa kwenye mwili wa gari na haukubanwa tu kati ya sakafu na paa. Mbwa mwenyewe lakini anabaki huru kurushwa huku na huko nyuma ya wavu. Vile vyavu vya kitambaa vinavyoning'inizwa kwenye viegemeo vya vichwa ni vya kumkatisha tamaa mbwa mdadisi asije mbele kuomba biskuti. Kwenye ajali havina kazi.

Njia ya tatu ni mkanda wa kifuani wenye kishikizo kifupi kilichofungwa kwenye pete ya sakafuni. Hapa nina masharti. Usifunge chochote kwenye kola ya shingoni. Ile nguvu ya mara 20 tuliyoihesabu hapo juu yote itaishia kwenye koo na uti wa shingo. Mkanda ushike kifua kwa ukanda mpana, na uvalishwe kwa kubana kiasi cha vidole viwili kupita chini yake kwa shida kidogo. Shika pale unapofungia, uvute kwa nguvu kuelekea kichwani: ukiona mabega ya mbwa yanachomoka, umelegea, rudia. Kishikizo kiwe na urefu wa kumruhusu kukaa na kulala, pungufu ya kufika kwenye mlango wa nyuma. Kirefu kupita hapo, siku mlango utakapofunguliwa ataruka na kubaki ananing'inia juu ya bampa.

Kuna nchi ambako jambo hili liko kwenye kanuni za barabarani. Uingereza, kanuni ya 57 ya Highway Code inamtaka dereva ahakikishe mnyama amezuiwa ili asimvuruge wala asimjeruhi mtu au kujijeruhi gari likisimama ghafla. Ujerumani mnyama garini huhesabiwa kama mzigo unaopaswa kufungwa. Ukivuka mpaka, uliza kabla.

Sakafu ya buti haizungumzwi sana, nami nadhani ndiyo chanzo cha mbwa wengi kuchukia gari. Zulia la kiwandani huteleza, na mara nyingi chini yake kuna plastiki. Mtazame mbwa aliyesimama pale gari likikata kona: kucha zimetoka, miguu imetanuka, mgongo umekaza, na kila kona anaanza upya. Safari ya saa moja humchosha kama aliyekimbia. Mkeka mzito wa mpira unaonata, juu yake blanketi lililoshonewa au lililobanwa lisikusanyike, humfanya alale. Mbwa aliyelala hupigwa na mitikisiko kidogo na hutapika mara chache. Ukiwa hapo, toa kila kitu kilicholegea: jeki, chupa za maji, zana, mwavuli. Chupa ya lita mbili ikirushwa ni nyundo.

Tuje kwenye joto. Viyoyozi vya magari mengi hupuliza mbele, na hewa ya baridi hupotelea njiani kabla ya kufika butini, wakati huo huo jua linaingia moja kwa moja kupitia kioo kikubwa cha nyuma. Dereva anaona baridi, mbwa anahema. Usikisie. Siku moja kabla ya safari, gari likiwa mahali pa wazi, weka kipimajoto sakafuni mwa buti, washa kiyoyozi, endesha kidogo mitaani, kisha soma. Tofauti ya mbele na nyuma inaweza kukushangaza. Pazia la kioo husaidia, na kizimba kisizibwe pande zote kwa mizigo.

Mbwa hana namna kubwa ya kutoa jasho zaidi ya nyayo zake. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema hakufui dafu hewa yenyewe ikiwa ya moto. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Likipita 41 maisha yake yako hatarini. Wale wenye pua fupi, kama pagi na buldogi, huanza kushindwa mapema zaidi, hivyo pamoja na wazee na wanene wasafirishwe asubuhi au jioni. Na gari lililoegeshwa ni habari nyingine kabisa. Nje kukiwa nyuzi 24 tu, hali ya hewa ambayo watu huiita ya kupendeza, ndani ya gari lililofungwa hufika takriban 34 baada ya dakika kumi na 43 baada ya nusu saa. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Kwa hiyo panga tangu nyumbani nani atabaki na mbwa utakapoingia dukani au msalani. Ukiwa peke yako, panga vituo ambavyo anaweza kushuka nawe.

Kuna wanaotatua joto kwa kuendesha na mlango wa nyuma umeachwa wazi kidogo, umefungwa kwa kamba. Usifanye hivyo. Gari linapokwenda, hewa nyuma yake hujizungusha na kuurudisha moshi wa ekzosi ndani, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Wa kwanza kuivuta ni mbwa, wanaofuata ni watoto.

Tumbo nalo lina maandalizi yake. Mlo mkubwa uwe saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Maji madogo madogo hayana neno. Watoto wa mbwa huchefukwa zaidi kwa sababu viungo vya sikio vya kudhibiti mizani havijakomaa, na wengi huacha wanapokua. Dalili huanza mapema kuliko matapishi: anapiga miayo, analamba midomo mfululizo, ute unaning'inia kwenye pembe za mdomo. Ukiyaona hayo gari likiwa bado getini, ni hofu zaidi kuliko kona. Daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa ya kuzuia kutapika kama maropitanti, ambayo hutolewa angalau saa mbili kabla ya safari. Vidonge vyako vya kichefuchefu usimpe kwa kukisia kipimo.

Hofu hutibiwa kwa mazoezi, na mazoezi yaanze wiki kadhaa kabla. Mlishe ndani ya kizimba gari likiwa limezimwa na mlango u wazi. Akishazoea, funga mlango. Kisha washa injini bila kwenda popote. Kisha zunguka mtaa mmoja na urudi. Mbwa ambaye gari humpeleka kwa daktari tu ana kila sababu ya kugoma, hivyo baadhi ya safari hizo fupi ziishie mahali anapopapenda.

Katika mazoezi hayo hayo mfundishe jambo moja ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote: kusubiri mlango ukifunguliwa. Mtu ananunua kizimba kizuri, anakifunga barabara, anafika salama, halafu anafungua mlango kando ya barabara na mbwa anachomoka chini ya magurudumu ya gari linalopita. Fungua mlango kiasi cha mkono kuingia, shika kola, funga kamba, ndipo ufungue kabisa, na asishuke mpaka umwambie. Kila abiria aijue kanuni hii, watoto hasa. Mlango wa nyuma haufunguliwi na mwingine ila mtu mmoja mliyemteua. Mbwa mzee au mzito asiruke kutoka buti refu; ubao wenye mpira juu, usioteleza, humwokolea mabega na viuno.

Mfuko wake hauna mengi: maji na bakuli, mifuko ya kinyesi, taulo, dawa zake, kadi ya chanjo yenye kumbukumbu ya kichaa cha mbwa, na picha yake ya karibuni kwenye simu. Simameni kila baada ya saa mbili hivi. Kamba ya akiba ikae kwenye mfuko wa mlango wa dereva, si butini, kwa maana siku ambayo buti limebonyea ndiyo siku utakayoihitaji. Mbwa aliyepata mshtuko wa ajali hukimbia, tena mbali, na anayemwokota hamjui. Akiwa na mikrochipu, yaani kidude kidogo cha utambulisho kilichowekwa chini ya ngozi, hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa nayo bado ni yako. Kibati cha kola kiwe na namba mbili za simu: yako, na ya mtu ambaye hayumo kwenye gari hilo.