Mnataka kuhamia kisiwani na watoto wadogo? Anzeni na usiku wa homa

Wengi tukianza kutafuta kisiwa cha kuhamia tunaanzia kwenye picha za ufukwe, na sisi ndo tulianzia hapo hapo kwa hiyo nawaelewa kabisa, ila kama una mtoto wa miaka miwili na mwingine yuko tumboni nakuomba sana anzia kwingine. Jiulize hivi: ni saa nane usiku, mtoto kifua kimembana, na upepo ni mkali boti haiondoki, hapo inakuwaje? Chukueni karatasi muandike majina ya visiwa mnavyovifikiria, halafu mbele ya kila jina mjibu hilo swali kwa urefu, msiandike tu "hospitali ipo". Daktari analala kisiwani au anakuja siku mbili kwa wiki? Ndege ya wagonjwa inaweza kutua usiku? Analipa nani? Oksijeni ya saizi ya mtoto ipo?

Mwanangu wa kwanza ana pumu. Kwenye kisiwa cha kwanza tulichokaa, wiki ya tatu tu, alibanwa usiku, nesi akaja na mashine ya kumvutisha dawa, akakaa ukingoni mwa kitanda anahesabu pumzi za mtoto huku anaangalia saa yake ya mkononi, mimi nasikia dirisha linavyogonga na najua fika kwamba feri imefungwa tangu jana mchana. Mtoto alitulia alfajiri. Yule nesi alikuwa hodari kweli na mpaka leo namuombea, lakini alikuwa peke yake kisiwa kizima. Tulikaa miezi tisa tukahama, na kisiwa cha pili ndo tukakichagua kwa karatasi.

Na kama mnategemea kuongeza mtoto, ulizeni mapema kuhusu kujifungua. Fernando de Noronha kule Brazil hakuna wodi ya wazazi, mimba ikifika miezi saba mama anatakiwa aende bara, ndo maana mtoto alipozaliwa pale kisiwani 2018 ikawa habari kubwa, ilishapita miaka 12 bila uzazi. Visiwa vidogo vingi viko hivyo hivyo, mama anaondoka wiki kadhaa kabla, sasa yule mkubwa anabaki na nani? Hilo nalo liingie kwenye karatasi.

Usafiri watu wanahesabu masaa, wewe hesabu siku ambazo safari zinafutwa. Saint Helena, kule kusini mwa bahari ya Atlantiki, mpaka 2017 ilikuwa ni meli tu, siku tano hivi kutoka Cape Town, ndo wakapata ndege za abiria, na Tristan da Cunha, bahari hiyo hiyo, mpaka leo ni meli, karibu wiki nzima baharini. Madeira ya Ureno ina uwanja wa ndege mzuri tu lakini upepo ukichachamaa ndege zinageuzwa. Upande wa pili kuna visiwa vina daraja, Skye kule Uskoti tangu 1995, Prince Edward Island ya Kanada tangu 1997, daraja la karibu kilomita 13. Mimi msimamo wangu ni huu: kama mtoto wako mdogo hajafika miaka mitano, chagua kisiwa chenye daraja au kikubwa cha kutosha kuwa na hospitali yake kamili, mfano Malta, Tenerife, Morisi, Réunion. Vile vidogo vya kupendeza visubiri watoto wakue kidogo.

Magonjwa ya mbu yaangalie kisiwa kwa kisiwa maana majirani wanaweza kutofautiana kabisa. Madagaska malaria ipo, Morisi wameshaitokomeza na Shelisheli haipo, Cape Verde walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2024. Ila kutokuwa na malaria sio kutokuwa na mbu, Réunion mwaka 2005 na 2006 chikungunya, homa ya mbu inayouma viungo, ilipata karibu theluthi ya watu wote. Kama una mtoto mchanga hiyo sio habari ya kuipita haraka.

Dhoruba nazo zina kalenda. Karibi ni Juni mpaka Novemba, Morisi na Réunion ni Novemba mpaka Aprili, Shelisheli visiwa vyake vikuu viko karibu na ikweta kwa hiyo vimbunga huwa havifiki huko. Kama kuna volkano omba ramani ya hatari kabla hujaangalia nyumba yoyote. Hawaii kisiwa kikubwa kimegawanywa kanda 1 mpaka 9 za hatari ya lava, yaani uji wa moto wa volkano, kanda 1 ndo hatari zaidi, na mlipuko wa 2018 uliteketeza nyumba zaidi ya 700 upande ambao viwanja vilikuwa bei rahisi. Montserrat kule Karibi ilipoteza mji mkuu wake Plymouth kwa volkano iliyoanza 1995, nusu ya kisiwa hadi leo haikaliwi.

Shule usiulize tu kama ipo, uliza wako wangapi wa umri wa mwanao na wanaishia darasa gani. Fair Isle, kisiwa kidogo cha Uskoti, watoto wakimaliza msingi, kama miaka 12 hivi, wanaenda kukaa bweni Lerwick, mji wa kisiwa kingine. Mtoto wa miaka mitatu unaona mbali lakini miaka inakimbia jamani.

Kama kazi yako ni ya mtandaoni uliza mikongo ya intaneti iko mingapi chini ya bahari, sio spidi. Tonga walikuwa na mmoja, volkano ikaukata Januari 2022, kisiwa kikuu wakakaa wiki tano bila mkongo na visiwa vya nje zaidi ya mwaka. Nyumba, hakikisheni mkataba ni wa mwaka mzima, visiwa vya watalii wanakupangisha msimu wa baridi halafu likizo zikianza unatolewa na watoto wako. Na vibali soma mwenyewe, Åland ya Ufini kwa mfano huruhusiwi kununua kiwanja hivi hivi mpaka upate haki ya ukaazi ya kule.

Yakibaki majina mawili, nendeni mkakae wiki tatu au nne, msimu mbaya, kwenye nyumba ya kawaida sio hotelini. Ingia dukani siku moja kabla ya meli ya mizigo kufika, hiyo siku moja itakufundisha kuliko mwezi wa kusoma: mimi nilikuta rafu ya maziwa ya watoto ina makopo matatu, nepi saizi moja tu, na akina mama wawili wanagawana kopo la mwisho la aina ambayo mwanangu anatumia. Waulize hao akina mama, wataongea ukweli. Simama nje ya shule saa ya kutoka uone watoto wanaelekea wapi na nani anawapokea.

Mkishahama, siku ya kwanza kabla hata hamjafungua mabegi, pitieni zahanati mkaandikishe watoto, mkamuonyeshe nesi kadi zao za chanjo, mkachukue namba yake ya usiku, mkaibandike ukutani karibu na mlango.