Jinsi ya Kumkodisha Shujaa Wako wa Katuni kwa Kampuni ya Filamu Bila Kumpoteza

Wachoraji wa katuni hapa Nairobi huniuliza mara kwa mara kama ni busara kumruhusu mtu mwingine atengeneze filamu ya shujaa waliyembuni wenyewe. Jibu langu ni ndiyo, kwa sababu fedha za kumpiga picha shujaa akiruka juu ya maghorofa ya Upper Hill wengi wetu hatuna, na mhusika anayefungiwa kabatini huzeeka bila kujulikana. Lakini mkodishe kama unavyokodisha shamba: mpangaji alime na avune, muda ukiisha atoke, na hati ibaki mkononi mwako.

Kwanza hakikisha kwamba shujaa huyo ni wako kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa msanii haki ya kazi yake, lakini kazi uliyoagizwa kuifanya, au uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama mlipatana vinginevyo. Kwa hiyo, ikiwa shujaa wako alizaliwa katika jarida lililokulipa kwa kila ukurasa, tafuta barua mlizoandikiana kabla ya kumtafuta mtengenezaji wa filamu. Ikiwa mwenzako aliandika hadithi nawe ukachora, andikianeni makubaliano sasa, wakati hakuna fedha za kugombania. Kisha sajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na upeleke jina na nembo ya shujaa KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, zisajiliwe kuwa alama ya biashara. Alama hiyo hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa tena na tena.

Uwe mwangalifu pia na maneno yako. Leseni ya pekee, yaani ile inayomfungia kila mtu mwingine mlango, haina nguvu kisheria isipoandikwa na kutiwa sahihi, lakini leseni isiyo ya pekee yaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kutambuliwa kutokana na mwenendo wako tu. Ule ujumbe wa WhatsApp wa "sawa, endeleeni" una uzito kuliko unavyodhani.

Mkataba wa kwanza niliowahi kuletewa ulimhusu shujaa wangu, makanga wa kike wa njia ya Kayole, ambaye huona ajali kabla haijatokea. Ulikuwa na kurasa 11, nami nilikuwa tayari kuutia sahihi palepale mkahawani, chai ikiwa bado inatoa mvuke. Dada yangu ndiye aliyeweka kidole kwenye ukurasa wa 7, palipoandikwa kwamba nilikuwa natoa haki zote, duniani kote, milele, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa. Malipo yenyewe hayakufikia kodi ya nyumba ya miezi 3. Niliomba neno "milele" lifutwe na iandikwe miaka 5, kampuni ikakataa, nami nikarudi nyumbani na michoro yangu kwenye begi. Iliniuma kwa muda mrefu, ila makanga huyo bado ni wangu.

Kipengele cha haki kurudi kwa mwenyewe ndicho ninachokusihi ukipiganie kuliko fedha. Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama mwaka 1996 kwa kulemewa na madeni, na katika miaka hiyo ya shida mashujaa wake kadhaa walikodishwa kwa studio mbalimbali. Iron Man alipita mikononi mwa zaidi ya studio moja bila filamu kutengenezwa, na kwa kuwa mikataba ilikuwa na kikomo, alirudi kwao. Mwaka 2005 Marvel ilipata mkopo wa dola milioni 525 kwa kuweka dhamana haki za filamu za wahusika wake, na mwaka 2008 Iron Man akaifungulia njia studio yake yenyewe. Spider-Man, shujaa mwingine wa Marvel, alikwenda studio ya Sony mwaka 1999, na kwa kuwa Sony haikuacha kumtengenezea filamu, ilibidi Marvel ifikie makubaliano nayo mwaka 2015 ili shujaa huyo aonekane pamoja na wenzake.

Hata hivyo, kikomo kilichoandikwa vibaya hakikulindi. Mwishoni mwa 1992, siku chache kabla ya haki za Fantastic Four, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, kwisha, upigaji picha ulianza wa filamu ya takribani dola milioni 1, ambayo haikuwahi kutolewa rasmi katika kumbi za sinema, na haki zikabaki kwa kampuni iliyozikodi. Usikubali basi kipengele kinachosema tu kwamba kazi "ianze". Taka filamu iwe imeonyeshwa kwa umma kufikia tarehe iliyotajwa, kwa bajeti isiyopungua kiasi mlichopatana, la sivyo haki zirudi zenyewe bila wewe kwenda mahakamani.

Ambatisha orodha ya wahusika wote unaowatoa, pamoja na maadui na majirani, na michoro yao. Quicksilver, mhusika wa Marvel, alionekana katika filamu ya studio ya Fox mwaka 2014 na katika ya Marvel mwaka 2015, akiigizwa na watu wawili tofauti, kwa sababu kila upande ulikuwa na haki ya kumtumia. Vitabu, fulana, vibonzo vya televisheni na michezo ya kompyuta viandikwe wazi kwamba vimebaki kwako, na mgawo wako uhesabiwe kutoka kwenye mapato kabla ya gharama kuondolewa, maana gharama huandikwa na mpangaji. Ada ya wakili anayejua kazi hizi itakuuma, lakini ilipe.

Mkishatia sahihi, andika tarehe ya haki kurudi kwenye kalenda ya ukutani, na kila mwaka uihamishie kwenye kalenda mpya. Siku hiyo ikifika na filamu haijaonyeshwa, ipelekee kampuni barua kwa mkono, na usiondoke kwenye dawati la mapokezi kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa.