Jinsi ya kushukuru bila kuishia kwenye "asante Mungu kwa yote"

Wengi wetu tukipiga magoti tunasema "asante Mungu kwa yote" halafu hapohapo tunaanza kuomba vingine, na hiyo "yote" ukiulizwa ni nini huna jibu. Anzia hapo. Taja kitu kimoja: usingizi wa jana, kikohozi cha mtoto kilichotulia, ile simu uliyoogopa kuipokea kumbe ni salamu tu.

Kwenye Luka 17 wakoma kumi walipona, akarudi mmoja tu, tena Msamaria, Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Mi naona hawakuwa na roho mbaya, walikuwa na haraka tu kama sisi.

Kwa watu sasa, hapa ndo pagumu. Mwenzi wako anaosha vyombo kila siku mpaka umezoea, huoni tena. Mwambie "nimeona jana uliosha vyombo na ulikuwa umechoka kweli, asante", halafu nyamaza, maana ukiongeza "ila ile sufuria..." umeshaharibu. Kama mmegombana omba msamaha kwanza, usijifiche nyuma ya asante.

Na siku mbaya je? 1 Wathesalonike 5:18 inasema tushukuru kwa kila jambo, lakini sidhani Paulo alitaka uchekelee msiba, mbona Zaburi kibao ni vilio. Lia kwanza, hakuna shida.

Ukiona aibu kusema kwa mdomo tuma meseji, mistari miwili inatosha.